Mabati Matano ya Mwabuluda

Asubuhi ya Jumanne, mwezi wa tisa, Kabula alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya turubai akichagua choroko kwenye ungo, wakati tetea wake mweusi aliporuka na kutua juu ya mabati yaliyokuwa kichwani mwake. Mabati yenyewe hayakuonekana. Kuku alisimama hewani, shubiri moja juu ya kitambaa cha bibi, akajikuna ubawa kwa mdomo, kisha akajikalia. Makucha yake yalikwaruza bati, na sauti ile ilimfanya mbuzi wa jirani ageuke.

"Mshushe huyo, Consolatha," Kabula alisema bila kuinua uso. "Atanya."

Consolatha, mkwewe, mke wa mwanawe aliyekuwa machimboni Kahama, alikuja na mwiko akamfukuza kuku.

"Jana alitaga humo juu, mama," alisema. "Si nilikwambia? Yai lilibingirika likafuata bonde la bati mpaka ukingoni. Nilidaka kwa khanga."

"Nililisikia," Kabula alijibu, akaendelea na choroko zake.

Nyuma yao zilisimama kuta nne za tofali mbichi, zimenyooka vizuri, zimepigwa lipu ya udongo na kinyesi cha ng'ombe, na juu yake hakuna kitu. Ukiingia ndani na kutazama juu unaona mawingu, na mwezi ule wa tisa mawingu yenyewe yalikuwa membamba. Kabula aliyahesabu kila asubuhi kama mtu anayehesabu wageni wasioalikwa.

Maneno haya yalianzia kwenye mafuriko ya mwezi wa nne. Maji yalipanda kutoka mbuga ya Wembere, hayakupiga kelele, yakaingia Mwabuluda saa ya chakula cha mchana. Watu walitoka na watoto na ng'ombe. Nyumba zilibaki nyuma zikayeyuka moja moja, kama sukari guru kwenye chai. Kaya arobaini na tatu zilikwenda kulala kwenye madarasa ya shule ya msingi, wake kwa waume, mzee na kichanga, mpaka walimu wakataka madarasa yao.

Mwezi wa tano likaja Shirika la Mwanzo Mwema, na lori moja, na gari dogo jeupe, na kijana aliyeitwa Valentino. Alivaa fulana ya bluu yenye picha ya mikono miwili kifuani. Alikuwa mtu wa heshima. Aliamkia wazee wote, alikula ugali na mlenda bila kuchagua, alijua kusema *wabeja*, yaani asante, kwa sauti ya Kisukuma hasa. Kwa hiyo alipoongea, watu walisikiliza.

"Mama zangu, baba zangu," alisema, "shirika halijengi nyumba. Shirika linaezeka. Inueni kuta, bati zinakuja. Asiye na kuta hapati bati. Na atakayeezeka nyasi, tutajua huyo hakuwa na shida."

Wengine walitaka kuuliza bati zinakuja lini. Lakini mgeni hahojiwi kabla ya kunawa mikono, na alipokwisha kunawa alikuwa na haraka ya kupiga picha.

Alisema picha ndizo zinazovuta mzigo. Wafadhili wako mbali, hawawezi kuja, lazima waone. Basi lori likageuzwa, makalio yake yakatazama kichaka. Wanawake wakapanga mstari, mwanamke mmoja kwa kila kaya, na mwenyekiti wa kijiji, Anton, akatangulia ili awe mfano. Kila mmoja alifika mbele, akapiga goti, akanyoosha mikono miwili kama inavyotakiwa mtu apokeapo kitu, na Valentino mwenyewe akamtwika mabati matano kichwani. Mapya, yanang'aa. "Matano ya mfano tu," alisema, "yaliyobaki yako kwenye gari." Mtu akasimama, akatabasamu, akasema *wabeja*, kamera ikalia. Kisha akaelekezwa nyuma ya lori. Huko walikuwako vijana wawili wenye glavu, wakayavuta mabati kutoka kichwani kwake kwa nyuma, yakapita chini ya lori, yakatokea upande wa pili, yakatwikwa kichwa kingine.

Kabula alikuwa wa tatu. Aliona kwamba bati la juu kabisa lilikuwa limejikunja pembeni kama sikio la mbwa. Shoga yake Kashindye alikuwa wa arobaini. Naye aliliona lile sikio la mbwa.

Lori likaondoka jioni likiwa na mabati matano.

Sasa, kwa watu wa huko mzigo una adabu yake. Anayekutwika husimama mbele yako, mkatazamana usoni. Anayekutua naye husimama mbele, hushika kingo mbili, husema "tua," nawe hujibu "nimetua," hapo ndipo shingo huachia. Hata mtoto wa miaka sita akimtua mama yake ndoo ya maji husema hivyo. Anayevuta mzigo kwa nyuma bila neno ni mwizi, na mzigo ulioibwa hivyo haujashuka.

Jioni ile Kabula alipoingia darasani, mabati yaligonga kizingiti cha mlango. Aliinama, akapita. Nyuma yake akaja Kashindye, naye akagonga. Walipomaliza kuingia wote, ukingo wa juu wa mlango ulikuwa umebanduka rangi, na mwalimu mkuu akawaomba waangalie mali ya serikali.

Hawakupiga kelele. Walilala kwa ubavu, kwa kuwa chali haikuwezekana. Asubuhi walikwenda kufyatua tofali, maana walikuwa wameambiwa wainue kuta.

Mwezi wa saba, msimu wa pamba, Kabula alipeleka kilo zake chache kwenye ghala la chama cha msingi. Karani wa mizani alikuwa Fikiri, mwana wa kaka yake. Alipomaliza kupima pamba, Kabula alipanda mwenyewe juu ya mizani.

"Shangazi, unauzwa nawe?" Fikiri alicheka. Kisha akatazama mshale. "Mwaka jana ulikuwa hamsini na mbili. Sasa sabini na tatu. Unakula nini huko?"

"Ahadi."

Fikiri aliacha kucheka. Akaita wanawake wengine waliokuwa kwenye foleni, akawapima mmoja mmoja, akiwalinganisha na kadi zao za kliniki. Kila mmoja alizidi kilo ishirini na moja. Hapo ndipo kijiji kilipoamini kabisa. Mkulima wa pamba anajua kwamba mizani huongopa, ila huongopa kwa upande mmoja tu: hupunguza. Mizani iliyoongeza haikuwa na sababu ya kusema uongo.

Walianza kutazamana. Mwenyekiti Anton alitwikwa wa kwanza mbele ya macho ya wote, lakini aliingia ofisini kwake wima, na kofia yake haikuguswa na kitu.

"Mwenyekiti," Kashindye alimwuliza mkutanoni, "wewe nani alikutua?"

"Shingo ya kiongozi ni shingo ya kiongozi," Anton alisema.

"Ehee. Na bati je, ni za kiongozi?"

Watu waliguna. Anton alisema jambo hili lina ngazi zake, itaandikwa barua. Barua iliandikwa. Aliyeipeleka ni yeye mwenyewe, na aliyeleta jibu ni yeye mwenyewe, na jibu lilisema barua imepokelewa.

Kwa hiyo mwezi wa tisa ulipokuwa ukiisha na mawingu yakaanza kunenepa, wanawake walimchagua Kabula aende Tabora, kwenye ofisi ya shirika. Walimchagua kwa sababu alikuwa na pa kufikia. Marehemu mumewe alikuwa akipeleka mpunga Tabora zamani, na alikuwa akilala mtaa wa Ng'ambo, kwa Bi Kuluthumu.

"Usimwombe," Kashindye alimwambia akimsindikiza barabarani. "Mwulize tu bati ziko wapi, kisha umtazame macho. Kuta hizi zikipigwa na mvua mbili hazipo."

"Najua, mayu."

"Nyasi tumekosa, ng'ombe wamekula, mbuga imeungua. Bati ndizo hizo tu."

"Najua. Nazibeba."

Konda wa basi la Igunga alimzuia mlangoni.

"Bibi, bati haziingii humu. Panda zipandishwe juu kwenye keria."

"Unaona bati wewe?"

"Sioni. Ila nasikia." Aligonga hewa kwa kidole juu ya kichwa cha Kabula, ikalia. "Umeona? Abiria watakatwa masikio hapa."

"Basi zipandishe wewe, mwanangu. Mimi mwenyewe nimeshindwa."

Konda alijaribu. Alishika hewa, akavuta, akatoka jasho, akashindwa. Akamkalisha kiti cha mbele peke yake, akamkatia tiketi mbili, ya mtu na ya mzigo, na kwenye ya pili akaandika "bati 5" kwa mwandiko mzuri. Abiria mmoja alisema kwa nyuma kwamba bibi huyu angalau hatanyeshewa. Wakacheka mpaka Nzega.

Bi Kuluthumu alikuwa kibarazani kwake akidarizi kofia. Alikuwa mtu mzima sana, miwani imefungwa kwa uzi, kidole gumba kimekuwa kigumu kama pembe kwa sababu ya sindano.

"Shikamoo, Bi Kuluthumu."

"Marahaba, mke wa Masanja. Umekonda na umeongezeka. Inama, mlango wangu wa kizamani huu." Kabula aliinama, mabati yakakwaruza kizingiti cha mninga. Bi Kuluthumu alitega sikio. "Geji thelathini," alisema. "Nyembamba. Wangekutwika geji ishirini na nane ungekuwa umekufa."

Walikunywa uji wa mchele. Kabula alieleza tangu mwanzo, na mwenzake hakumkatiza.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Bi Kuluthumu alisema alipokwisha, "ila huu mimi naujua. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, njia hii hii inayopita hapo nje. Alibeba pembe kutoka Ujiji kwenda pwani. Mwarabu wake akafa njiani, Ugogo huko, usiku, kabla ya kumtua. Wenzake wakagawana pembe wakatoroka. Babu akarudi nyumbani mikono mitupu na pembe begani. Alioa nayo, akazaa nayo. Alipokufa, kaburi lake lilichimbwa pana upande wa kulia."

"Hakumpata wa kumtua?"

"Walikuja wengi. Mmisionari alikuja, Mjerumani alikuja, Mwingereza naye. Kila mmoja alisema yeye hakumtwika." Alikata uzi kwa meno. "Wewe bahati yako aliyekutwika yu hai na ana ofisi. Ila sikiliza, mdogo wangu. Mzigo hutuliwa unakokwenda. Mtu akikutua katikati ya njia akabaki nao, usidhani amekuhurumia."

Ofisi ya Mwanzo Mwema ilikuwa na ua wa mawe meupe na bendera mbili. Kwenye mapokezi alikaa binti mmoja, Asmahani, mwenye ushungi wa zambarau. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha kubwa, ndefu kuliko mtu. Ilikuwa ya Kabula. Alikuwa amesimama, mabati matano yanang'aa kichwani, anatabasamu, na chini yake kulikuwa na maneno. Asmahani alimsomea: *Sasa nalala bila hofu. Kabula, Mwabuluda.*

"Mimi nilisema *wabeja*," Kabula alisema.

"Wametafsiri, bibi."

"Nataka kumwona Valentino."

"Una miadi?"

"Nina bati zake."

Asmahani alitazama picha, akamtazama Kabula, akatega sikio kwenye mlio mdogo uliotokea bibi alipohema. Aliinuka akaenda kubisha. Mlangoni kwa Valentino kulikuwa na kibao kipya: *Afisa Uwajibikaji*. Alikuwa amepandishwa cheo mwezi wa sita, baada ya kazi nzuri ya Mwabuluda. Kando ya mlango lilining'inia sanduku la malalamiko. Lilijaa mpaka mdomoni, karatasi zikachungulia nje, na ufunguo wake ulikuwa kwenye mnyororo wa Valentino pamoja na ule wa gari.

"Mama yangu! Shikamoo." Valentino alisimama, akampokea kwa mikono miwili. "Pole na safari. Mwangaluka?"

"Marahaba. Mwangaluka."

"Inama hapo, mlango mfupi."

Kabula aliinama. Hili alilishika. Kijana alikuwa amemwambia ainame kabla hajagonga.

Alikaa, akakataa soda, akasema lake kwa ufupi. Kuta zipo. Mvua inakuja. Bati ziko wapi?

Valentino alimsikiliza akitikisa kichwa kwa upole. Kisha akafungua kabati, akatoa mizani ndogo ya kupimia watoto wenye utapiamlo, ile ya kusimama juu yake, akaiweka sakafuni.

"Hebu panda, mama."

Kabula alipanda. Valentino alichuchumaa akasoma, akafungua faili, akatafuta jina kwa kidole.

"Kabla ya mradi, hamsini na mbili. Baada ya mradi, sabini na tatu. Ishirini na moja kamili." Aligonga hewa juu ya kichwa chake kwa kalamu, ikalia. "Mabati matano. Hayajapungua hata gramu. Mama, wengine wanaletewa wanauza. Wewe umeyatunza. Hongera." Akaandika kitu.

"Umeandika nini?"

"Yamethibitishwa kufika."

"Yamefika wapi?"

"Kwako. Yanapimika, yanasikika, na ulishukuru mbele ya watu. Asante ya mtu mzima haiondolewi, au mimi ndiye nimesahau mila?"

Hakusahau. Hilo ndilo lililomkera Kabula zaidi ya yote. Walikuwa wameshukuru wote arobaini na tatu, kwa magoti na kwa mikono miwili, kabla hata hawajaona mzigo unakwenda wapi, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Mtu angeweza kuwa mjinga akashindwa kuitumia adabu ile. Huyu hakuwa mjinga.

"Mwanangu," alisema, "mimi nataka yanayozuia mvua."

"Hilo sasa ni suala la ubora. Mimi nashughulika na uwajibikaji. Afisa Ubora anakuja mwakani."

Kabula alimtazama macho, kama Kashindye alivyoagiza. Yalikuwa macho mazuri, yenye usingizi kidogo. Hayakukwepa. Shingo ilimwuma sana siku ile, kuanzia kisogoni mpaka katikati ya mgongo, na Valentino aliona jinsi alivyoishika.

"Yanakuchosha?" aliuliza kwa sauti ya chini, ya kweli kabisa. "Naweza kukutua. Nilikutwika mimi, naweza."

Akaja mbele yake. Akanyoosha mikono, akashika kingo mbili hewani, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano Kabula alihisi uzito umepungua. Ulipungua kidogo tu, kama mtu anapokushikia ndoo wakati unabadilisha mkono. Pumzi ilimwingia mpaka tumboni. Alisikia harufu ya sabuni mikononi mwa kijana. Ilikuwa imebaki neno moja tu.

"Nikisema," Valentino alisema, "utaweka dole gumba hapa kwamba umeyarudisha kwa hiari. Yanabaki ofisini, faili linafungwa. Tena utakuwa umewasaidia na wenzako wote, maana kwa kuwa ni yale yale—"

Akakohoa.

"Yale yale?" Kabula aliuliza.

"Nasema aina ile ile. Geji ile ile."

Nje Asmahani aliacha kugonga kompyuta. Kabula alikaa na mikono magotini, akafikiri polepole kama alivyozoea. Yalikuwa mabati matano juu ya vichwa arobaini na tatu. Akituliwa yeye, wote watakuwa wametuliwa. Kashindye angenyoosha shingo huko kisimani saa hii hii na kusema alhamdulillahi au asante Yesu, na kwenye faili ingeandikwa kwamba Mwabuluda walipewa wakarudisha wenyewe. Baada ya hapo hata wa kuuliza bati ziko wapi hangekuwepo, kwa sababu zingekuwa mahali panapojulikana.

"Ondoa mikono," alisema.

"Mama, unaumia."

"Ondoa, baba. Hapa si kwangu. Nikifika nitatuliwa."

Valentino aliondoa mikono. Uzito ulirudi wote kwa mpigo, na kiti kikalia. Kabula alisubiri kizunguzungu kipite, akasimama, akaaga vizuri, akainama mlangoni. Asmahani alimsindikiza mpaka kwenye mawe meupe. Alitaka kusema kitu. Alisema, "Safari njema, bibi," akarudi haraka.

Kabula aliporudi Mwabuluda, Kashindye hakufurahi.

"Alikushika kabisa? Kingo mbili? Ukakataa?" Alikuwa ameketi chini, anajikanda bega. "Kabula, Mungu anakuona. Shingo zetu zingepumzika leo."

"Zingepumzika chini ya nini?"

"Sasa je, zinachoka chini ya nini?"

Kashindye, ambaye alikuwa rafiki yake tangu usichana, alikaa siku nne bila kumsemesha. Siku ya tano alileta mihogo. Walikula bila kulizungumza. Consolatha alitandika mabua ya pamba juu ya kuta, akayafunga kwa kamba za katani, lakini yalikuwa machache na upepo ulikuwa mwingi.

Mvua ya kwanza ilikuja Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, kutoka upande wa Singida. Ilianza kwa matone makubwa yaliyotoboa vumbi. Kabula alikuwa uani akianua choroko. Matone yalipofika juu ya kichwa chake yaligonga bati, moja, mawili, kisha yakawa ngoma. Yaliendelea chini yakamlowesha. Alisimama akisikiliza. Kule kwa Kashindye nako kulilia, na kwa jirani, na barabarani ambako wanawake watatu walikuwa wakikimbia na kuni. Baada ya muda kijiji kizima kilikuwa kinavuma kama kilichoezekwa juzi. Sauti ilikuwa nzuri. Hakuna aliyekataa kwamba ilikuwa nzuri. Mtoto wa Consolatha, aliyelala kwenye turubai, alipitiwa na usingizi kwa sababu yake, huku maji yakimpita chini ya mkeka.

Wakati huo huo gari jeupe liliingia. Valentino alishuka na miavuli miwili, akamfunulia mmoja mgeni wake, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na uso wa huruma, aliyetoka kwa wafadhili. Walisimama uani kwa Kabula. Mgeni aliinua kidole, akafumba macho, akasikiliza. Kisha akatoa kifaa kidogo mfukoni, akakinyoosha kuelekea kichwani kwa Kabula, akanasa sauti ile kwa muda mrefu. Machozi yalimlengalenga.

Hakutazama kuta. Kuta zilikuwa nyuma yake. Ule wa magharibi ulikuwa umekwisha kulegea kiunoni.

"Mwambie kuta zangu zinaanguka," Kabula alimwambia Valentino.

Hayo ni maneno manne. Valentino aliyafasiri kwa maneno mengi, taratibu, akiweka mkono kifuani, na mgeni akatabasamu, akamshika Kabula mikono yote miwili, akasema kitu.

"Anasema karibu sana," Valentino alisema.

"Umemwambia nini?"

"Mvua inazidi, mama. Tusije tukakwama mbugani."

Kabula hakushukuru. Alivuta mikono yake, akaikunja kifuani, akabaki amesimama. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na hapakuwa na mtu pale wa kuliandika. Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima, akidhani ndiyo desturi. Gari likageuka. Ukuta wa magharibi ulianguka ndani kabla hawajafika barabara kuu, kwa sauti ndogo ya tope, ambayo haikusikika kwa sababu ya bati. Wa mashariki ulifuata giza lilipoingia. Usiku kucha mvua ilipiga, na kaya arobaini na tatu zilikaa macho chini ya sauti ya paa.

Anton alipita asubuhi yake kutazama hasara. Alipita wima. Aliandika kwenye daftari kwamba nyumba zimeanguka kwa sababu wananchi hawakuzingatia ushauri wa kitaalamu, akamwomba Kabula aweke dole gumba kama shahidi. Kabula alimwonyesha mikono, yote miwili imejaa tope. "Haitatoka vizuri," alisema.

Pale palipokuwa na nyumba palikuwa na kilima cha udongo mwekundu, laini, umelowa wenyewe. Consolatha alisimama ukingoni akiwa amemfunga mtoto mgongoni.

"Tutachota maji wapi ya kufyatulia, mama, na kisima kimechafuka?"

"Hayahitajiki," Kabula alisema. "Umekwisha lowa."

Alipandisha khanga mpaka magotini, akaingia katikati, akaanza kukanyaga. Baadaye Kashindye alikuja bila kuitwa, akavua ndala, akaingia naye. Akaja jirani, na wale watatu wa kuni. Walikanyaga kwa kuzunguka, mabati yakigongana kila walipokaribiana, wakiombana radhi. Kufika saa nne udongo ulikuwa umeiva kuliko walivyowahi kuuona, hauna hata donge, kwa sababu miguu iliyoukanyaga ilikuwa mizito.